Behewa Lililoandikwa Tupu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipangiwa kufundisha shule ya msingi Tunduma. Nilitoka kijiji cha Ruanda, kwetu Mbozi, ambako lori likipita watu huegemea jembe na kulisindikiza kwa macho mpaka vumbi litulie. Tunduma hakuna aliyesindikiza kitu. Malori yalipangana kungoja kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, wabadili fedha walikuvuta shati wakikuita kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza kwa pumzi moja, na vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivipangia foleni, sabuni, sukari, mafuta ya kula, vilikuwa vimemwagwa chini juu ya maturubai, chagua mwenyewe. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Kila mtu alisema hivyo, imefunguliwa, nami kwa ugeni wangu sikujiuliza ni nini kingine hupita mlango ukishakuwa wazi.

Nilipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja Mwislamu kutoka Kondoa, mjane, muuza vitenge sokoni. Uani tulikuwa wapangaji wawili tu: mimi, na upande wa pili karani wa mabehewa wa kituo cha reli pamoja na mkewe. Watoto wao walikuwa wakubwa, wamekwisha kwenda kujitegemea. Kazi ya karani yule ilikuwa kutembea kandokando ya kila treni ya mizigo iliyoingia kituoni, kuandika namba za mabehewa kwenye daftari refu, kuangalia kama lakiri za milango hazijakatwa, na kuweka alama ya chaki ubavuni mwa kila behewa: J kama limejaa, T kama ni tupu. Alikuwa Mnamwanga, nusu ya ukoo wake uko ng'ambo, na maneno ya Kibemba yalimtoka bila kubisha hodi. Akitaka kumkubalia mtu kwa heshima alisema "mukwai." Alinizidi miaka ishirini, lakini nilipomwita baba alikataa.

"Baba yako yuko Mbozi," alisema. "Mimi niite kaka, Mwalimu, nisije nikazeeka kabla ya pensheni."

Treni ilianzia darasani. Niliwauliza wanafunzi wa darasa la tano ni nini kinachopita mpakani kwetu. Wakasema malori. Nikauliza, na reli? Wakatazamana. Reli ilikuwa nyuma ya nyumba zao, walichungia mbuzi juu yake, lakini hakuna aliyejua treni inabeba nini. Basi nikaamua kutengeneza treni ndogo ya mizigo, ndefu kama ukuta mmoja wa darasa, kila behewa na mzigo wake, ili mtoto akiitazama toka kichwa hadi mkia awe amesoma somo zima la bidhaa. Siku ya wazazi ilikuwa katikati ya muhula uliofuata. Nilikuwa na miezi mitatu.

Mabehewa niliyakata kwenye makopo ya mafuta na ya samaki. Magurudumu yalikuwa vizibo vya soda, viwili viwili vimeshikanishwa kwa msumari. Reli nilizitengeneza kwa yale mabati membamba ya kufungia marobota ya mitumba, ambayo mama mwenye nyumba aliniletea sokoni bila kuuliza ya nini. Nilipomaliza mabehewa sita nikayapanga mezani uani: la kijani, la njano, la buluu, la kijani tena. Karani alikuwa anarudi kazini. Akasimama, akaweka begi chini, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hii si treni, Mwalimu. Hizi ni shanga."

"Kosa liko wapi, kaka?"

"Umezipanga kwa rangi. Treni haipangwi kwa rangi. Inapangwa kwa behewa linakwenda wapi na limebeba nini. Na mabehewa yako yote ni ya milango. Mafuta utayamimina kwenye behewa la milango?"

Toka siku ile tukawa wawili. Jioni zangu na jioni zake zikawa za treni. Alinifundisha kwamba kuna behewa la tenki, behewa la wazi lenye kuta fupi, behewa bapa lisilo na kuta kabisa, behewa la milango kwa mizigo inayoogopa mvua. Tulikaa siku nzima ya Jumapili tukibishana tuchague yapi. Mimi nilitaka yasijirudie hata moja. Yeye alisema treni ya kweli hurudia, tenki hufuatana na tenki, lakini iliyopangwa upya kituoni huchanganyika, kwa hiyo tutasema yetu imetoka kupangwa upya. Hivyo tukaridhishana.

Mizigo ndiyo iliyotupa raha zaidi. Salfa ya kwenda migodini Zambia tuliifanya kwa manjano ya mchuzi na unga wa sembe. Mkaa wa mawe ulikuwa mkaa wa jikoni uliotwangwa. Mkewe alishona vigunia kwa kitambaa cha bendeji, akavijaza ulezi, akavifunga mdomo kwa uzi mwekundu. Hayo yakawa mahindi. Shaba niliifanya kwa waya wa umeme wa zamani, nikauponda kwa nyundo mpaka ukawa vibamba vidogo vinavyong'aa. Nilivirundika mpaka juu kwenye behewa bapa. Karani akaviondoa karibu vyote, akaacha tabaka moja tu sakafuni.

"Shaba haijazi behewa kwa macho," alisema. "Ukiitazama kwa mbali utasema behewa ni tupu. Inalijaza kwa uzito."

"Sasa mtu atajuaje?"

Siku iliyofuata alinichukua baada ya shule hadi kwenye tuta, karibu na mahali treni zinapopunguza mwendo kabla ya kituo, tukachuchumaa majanini. Treni ikaja, nzito, ardhi ikitetemeka chini ya miguu kabla ya sauti kufika.

"Usitazame juu," aliniambia. "Tazama chini, kwenye springi. Zile bapa juu ya magurudumu. Zikiwa zimepinda kama upinde, behewa limebeba hewa. Zikiwa zimelala, limebeba mzigo. Karatasi inaweza kudanganya, na turubai pia. Springi haijui kudanganya."

Nilifurahi kama mtoto. Nilirudi nikakusanya kalamu za kubonyeza zilizoisha wino shule nzima, nikatoa springi zake ndogo, nikazifunga chini ya kila behewa langu. Yaliyobeba mzigo niliyatia uzito wa kweli, nati kubwa za malori zilizofichwa chini ya shehena, ili springi zilale. Yaliyo tupu niliyaacha yasimame juu. Wanafunzi walipenda kuyabonyeza kwa kidole.

Nikazoea kwenda kwenye tuta peke yangu na daftari. Bado nilihitaji behewa moja la milango lisilofanana na mengine, na nililipata. Lilikuwa jekundu lililochakaa, na mlangoni palikuwa na kiraka cha ubao mpya, mweupe, ulio wazi kama jino la mtoto. Lilitokea upande wa Zambia siku ya Alhamisi. Alhamisi nyingine nikaliona tena, na ya tatu. Kila mara nililitazama likisimama kituoni kwa mbali, na lilipoondoka kushuka upande wa Mbeya lilikuwa na alama ya chaki ubavuni: T. Tupu. Lakini springi zake zilikuwa zimelala chali.

Nilidhani ni uchovu wa chuma. Nilidhani kila kitu isipokuwa kile kilichokuwapo. Nikalitengeneza, nikalitia kiraka cha kijiti cha kiberiti, nikalipaka rangi, nikaandika T kwa chaki iliyochongwa, na kwa kuwa nilitaka kuiga sawasawa, nikaweka ndani nati tatu za gurudumu la lori.

Jioni ile karani alikuja kama kawaida na kikombe chake cha chai. Aliyapitia mabehewa kwa macho, moja moja, akitabasamu. Alipofika pale tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakaacha kucheka.

"Hili usiliweke," alisema.

"Kwa nini, kaka? Ndilo zuri kuliko yote."

"Si zuri."

"Lina kasoro gani? Nimekosea springi? Maana hata mimi nilishangaa, limeandikwa tupu lakini…"

"Mwalimu." Aliniita polepole sana. "Weka tenki jingine hapo. Tenki zuri. Mimi nitakutafutia kopo." Kisha akamimina chai yake yote chini, ilikuwa bado ina moshi, akaingia ndani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane na nilijivunia kazi yangu. Nililiacha behewa mahali pake. Nilijiambia kwamba amechoka.

Siku ya wazazi treni ilijaa ukuta mzima. Watu walikuja wengi kuliko miaka mingine, na mwalimu mkuu alimkaribisha mgeni wa heshima, mtu mmoja mwenye malori aliyekuwa ametoa saruji ya madarasa mawili. Mjini walimwita Tajiri tu. Alikuwa mpole, sauti ya chini, viatu visivyo na vumbi katika mji ule wa vumbi. Alipita kwenye treni bila haraka, akiuliza maswali, na mimi nikimfuata.

"Hii salfa umeitoa wapi?"

"Manjano, mzee. Na unga."

Alicheka kwa adabu. Akasogea. Akainama.

"Hili lina kiraka."

"Ndiyo, mzee. Niliona behewa la namna hiyo linapita."

"Lini?"

"Mara tatu. Alhamisi." Nilimjibu kwa furaha ambayo mwalimu humjibu nayo mwanafunzi aliyeuliza swali zuri.

"Na mbona limelala kuliko wenzake?"

Nikamweleza. Naandika hapa nikiwa mtu mzima na bado uso unaniwaka. Nilimweleza habari ya springi yote, upinde na kulala, karatasi na turubai, mbele ya wazazi waliokuwa wakisikiliza.

"Lakini umeandika T," alisema.

"Ndivyo lilivyokuwa limeandikwa."

Alilinyanyua. Akalipima kiganjani, akalisogeza sikioni kidogo, akalitikisa. Nati ziligongana ndani. "Zito," alisema. Alilirudisha, si juu ya reli bali pembeni yake, mezani. "Nani alikufundisha mambo haya, Mwalimu?"

Karani alikuwa mlangoni na mkewe. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na ameshika kofia mkononi. Nami, kwa kutaka sifa imfikie mwenye nayo, nikamwonyesha kwa kidevu.

"Jirani yangu yule. Ni karani wa kituo."

"Ah," alisema Tajiri. "Namfahamu."

Akaendelea na behewa lililofuata, akauliza mahindi yale ni kitu gani hasa, nikamwambia ulezi.

Juma lililofuata pikapu nyeupe ilianza kusimama mbele ya shule saa ya kutoka. Injini haikuzimwa. Ndani walikuwamo vijana wawili ambao hawakunitazama, na kutonitazama kwao ndiko kulikonifanya nijue wamekuja kwa ajili yangu. Nikitembea kwenda nyumbani, ilibaki palepale. Kesho yake ilikuwa pale tena. Siku ya nne haikuja, nikaogopa zaidi kuliko siku ilizokuja.

Mama mwenye nyumba alinisubiri mlangoni kwangu akiwa na ungo wa mchele.

"Mwanangu, kuna watu walikuja sokoni kuniuliza habari zako."

"Watu gani, mama?"

"Wanunuzi, walisema. Lakini hawakushika kitenge hata kimoja. Waliuliza unakaa na nani. Wakauliza kama una mke. Nikawaambia hana." Alipepeta mchele mara moja, akaacha. "Wakasema, afadhali."

Karani kwa siku zote hizo alinisalimia na kupita. Jumapili, watu walipotoka ibadani, alikuja akakaa kwenye kigoda karibu na beseni langu la kufulia. Mkewe alikuwa ndani; tulimsikia akipanga vyombo.

"Nilikuambia usiliweke," alisema.

"Kaka, ndani mna nini?"

"Shaba. Chini ya sakafu. Kuna mbao juu, na juu ya mbao hakuna kitu. Ukifungua mlango unaona behewa tupu."

"Na wewe umejua toka lini?"

Alitazama mikono yake. "Mwanzo waliniomba nisitazame chini tu. Nisitazame. Ni ombi dogo, siyo? Nikasema, mukwai, shingo ni yangu. Baadaye nikaenda kijijini kwangu Momba nikakuta bati zimeshushwa mbele ya nyumba. Lori lilizileta, halikuacha barua. Sikuziomba, Mwalimu. Lakini niliezeka."

Maji ya sabuni yalikuwa yanapoa katika beseni.

"Wameniuliza kwa nini nilikufundisha," aliendelea. "Nikasema ni mchezo, makopo ya watoto. Wakasema, sawa, ni mchezo. Walikuwa wanacheka."

"Alhamisi litapita tena?"

"Litapita."

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikuwa na mke, sikuwa na bati, sikuwa na miaka kumi na sita ya kazi wala pensheni iliyobakiza miaka michache. Kusema kulikuwa rahisi. "Andika J," nilimwambia. "Kaka, wameshajua kwamba tunajua. Ukiandika T tena wewe ni wao mpaka kufa. Andika kile springi inachosema."

"Wewe utakuwa darasani, Mwalimu. Mimi nitakuwa na chaki."

"Najua."

"Hujui," alisema, bila hasira. Akainuka akaingia ndani.

Alhamisi nilikuwa nafundisha hesabu. Treni iliingia kituoni saa nne, nikaisikia. Kwa kawaida ilikaa saa moja na nusu hivi, kisha honi, kisha kishindo cha mabehewa kuvutana kimoja baada ya kingine. Saa sita ilipita kimya. Saa nane kimya. Wanafunzi wenyewe wakaanza kutazama dirishani. Alasiri habari zikafika na watoto waliotumwa maji ya uji wa shule: behewa ambalo karatasi zinasema ni tupu limekutwa na J ya chaki, limekatwa kwenye treni, limesukumwa njia ya pembeni, askari wamelizunguka, mbao zinang'olewa. Chini yake chuma chekundu kimepangwa kama matofali.

Walikamatwa walinzi wawili wa treni, wapakizi wanne, na mtu mmoja mwenye duka la spea. Tajiri hakuulizwa, au kama aliulizwa hatukusikia. Mwezi uleule alileta bati za lile darasa la pili, akapigiwa makofi. Nilipiga makofi na mimi. Nilikuwa nimesimama safu ya mbele, kila mtu angeona mikono yangu ikikaa bila kupiga.

Karani alirudi siku ile ya Alhamisi akiwa na chaki mfukoni, kaunda suti yake imepakaa weupe pale unga wa chaki ulipomwagika. Alikula vizuri. Mkewe hakula. Baada ya hapo zilipita wiki tano ambazo hakikutokea kitu, na sijawahi kuishi wiki ndefu kama zile. Alianza kutembea katikati ya barabara, si pembeni. Alibadili njia ya kwenda kazini, halafu akairudia ile ya zamani, akasema wakitaka kumkuta hawatashindwa na kona. Mtu akipiga hodi, mkewe ndiye aliyetoka kwanza, na mwiko mkononi. Nilimwambia karani aombe likizo avuke kwenda kwa ndugu zake Nakonde. Alisema ukivuka siku hizi unavuka na walewale.

Kisha ikaja asubuhi ya ukungu, masika yalikuwa yameshika, manyunyu ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Walikuwa wanapanga mabehewa kituoni. Yeye alikuwa kati ya njia mbili na daftari lake. Behewa moja lilikuwa linasukumwa polepole, mwendo wa mtu anayetembea, na yeye akaanguka mbele yake. Gurudumu lilipita juu ya mguu wa kushoto, chini ya goti.

Nilimkuta hospitali siku ya pili. Alikuwa macho, midomo imekauka. Mkewe alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi ingawa palikuwa na baridi.

"Uliteleza?" nilimuuliza.

"Wameandika niliteleza."

"Na wewe unasemaje?"

"Nilisikia kama mkono mgongoni. Hapa." Hakuweza kufika pale, mkewe akapaonyesha badala yake, kwa hiyo nikajua alishamsimulia. "Lakini palikuwa na ukungu, na mawe yana utelezi, na tulikuwa watu watano. Nitamtaja nani? Miaka kumi na sita nimetembea kwenye mawe yale, Mwalimu. Sijawahi hata kujikwaa."

Treni yetu ilikuwa bado shuleni, imefungiwa stoo. Mwalimu mkuu alitaka itumike kila mwaka. Jumatatu moja, mguu wa karani haujapona, nilikwenda kuchukua vitabu. Kufuli lilikuwa zima. Treni ilikuwa juu ya reli zake, hakuna kilichovunjwa, hakuna hata kigunia kilichomwagika. Lakini kila behewa, tenki, la wazi, la mahindi, la salfa, lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa chaki, herufi ndogo, nadhifu, kwa mkono ambao haukuwa na haraka: T, T, T, T, mpaka mkiani. Lile lenye kiraka halikuwapo.

Niliketi juu ya gunia la unga wa uji. Sikumwambia mtu. Niliyavunja mabehewa yote mchana ule, nikakunja makopo kwa mguu, nikayatupa shimoni pamoja na nati. Nilihifadhi vigunia vya mkewe tu kwa kuwa alivishona kwa mikono yake, nikamrudishia. Alivitazama, akaumimina ulezi wake kwenye ulezi mwingine, akausaga, akapika uji.

Mwisho wa mwaka niliomba uhamisho. Afisa aliniuliza nataka wapi, watu wengi huomba mjini. Nikasema Ileje, milimani, kokote. Alinipeleka Ibaba, ambako mvua na mawingu hukaa mlangoni nusu mwaka, na ambako kitu pekee kinachopita kwa kelele ni maji. Nilioa huko. Kwa miaka miwili mitatu bado nilikuwa nikiona pikapu nyeupe nasimama mpaka ipite.

Nilimtembelea karani Momba mara moja, alipokuwa ameshapewa kiinua mgongo na kurudi kulima ufuta. Nyumba yake ilikuwa na bati, zimeanza kutu. Alitembea kwa gongo, haraka, kama mtu aliyezaliwa nalo. Tulikaa nje. Nilikuwa nimesafiri siku mbili ili niseme jambo moja, na nilipolisema lilitoka vibaya.

"Kaka, siku ile ya wazazi, mimi ndiye niliyekuonyesha. Kwa kidevu."

"Niliona," alisema.

"Na hukuniambia."

"Ungefanya nini na neno hilo? Ulikuwa mtoto. Ulitaka nisifiwe." Alichora mchangani kwa ncha ya gongo, akafuta. "Mwalimu, usijibebeshe la kuandika pia. Lile niliandika mimi. Usiku wote kabla yake nilikuwa nimeshaamua kuandika T. Nilipofika pale nikainama kutazama springi, mazoea tu. Nikaona nimechoka kuinama."

"Unajuta?"

"Mguu, ndiyo. Kila siku, hasa kukiwa na baridi." Alimwita mkewe alete maji ya kunawa. "Hilo jingine silijutii, ila naliogopa mpaka leo. Mtu akipita pale njiani nisiyemjua, nahesabu hatua zake mpaka azifikishe mbali."

Tulikula ugali na kisamvu cha karanga. Mkewe alinipa ufuta robo debe wa kumpelekea mke wangu. Asubuhi karani alinisindikiza mpaka barabarani, tukangoja lori la chumvi lililokuwa linapanda kuelekea Tunduma, nami nikapanda nyuma juu ya magunia. Aliishi miaka saba baada ya hapo, akafa kwa ugonjwa wa kawaida, nyumbani kwake, watoto wake wakiwapo. Habari zilinifikia akiwa ameshazikwa siku tisa.